Siku ya Kurudisha Maneno

Siku niliyokabidhi funguo za ofisi, karani wa idara aliniuliza kama kuna kitu nimesahau humo ndani. Nikamwambia kuna kinasa sauti kibovu kwenye droo ya chini, na tafadhali asikitupe. Hakunielewa, lakini ni mtoto mwenye adabu, akaitikia. Sasa nyinyi mliobaki idarani mmenisumbua niwaandikie nilivyofanya kazi, basi nitaanza na hicho kinasa sauti, kwa sababu kazi yangu ilianza nacho. Vyeo sitavitaja. Mishahara mnaijua, na anayetaka kulia alie peke yake.

Mimi ni mtoto wa Kaloleni, hapa Kisumu mjini, nyumba ya Waislamu ambako Kiswahili kilisemwa jikoni na Dholuo kikasemwa nje ya mlango. Nilikua nikiruka kati ya lugha hizo mbili bila kujua kwamba naruka. Ndiyo sababu, nilipoajiriwa katika Idara ya Kiswahili, Mzee Owuor alinichukua nimsaidie somo lake la masimulizi. Somo lenyewe mnalijua: kila mwanafunzi aende kwa mtu mmoja, amsikilize akieleza maisha yake, arekodi, kisha aandike kwa Kiswahili. Mzee Owuor ndiye aliyelianzisha. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo, na koti la kijivu ambalo sote tuliamini alizaliwa nalo.

Siku yangu ya kwanza hatukuingia darasani. Alinipeleka sokoni Kibuye, kwa Mama Risper, aliyeuza nguo za mitumba. Alikuwa amemrekodi majuma machache kabla, na sasa alikuwa na karatasi mkononi. Akaketi juu ya robota la nguo, akaanza kumsomea yule mama maneno yake mwenyewe, akiyageuza tena kuwa Dholuo, sentensi baada ya sentensi. Wateja walikuwa wakivuta suruali pembeni yangu. Mama Risper alisikiliza huku akikunja blauzi, kisha akainua mkono.

"Hapo nilicheka," akasema.

"Wapi?"

"Hapo mume wangu anarudi na mbuzi badala ya baiskeli. Nilicheka sana. Wewe umeandika kama mtu wa redio anasoma habari."

Mzee Owuor akatoa kalamu, akaandika pembeni: *anacheka*. Akasoma upya. Mama Risper akaridhika, kisha akaniuzia sketi ambayo sikuwa nimeihitaji hata kidogo. Tukarudi chuoni, na njiani nikamuuliza Mzee kwa nini asafiri hivyo kwa ajili ya kicheko kimoja.

"Zainabu, ukiazima sufuria ya jirani unairudisha," akaniambia. "Maneno ya mtu kwa nini ukae nayo?"

Hiyo ndiyo tuliyoiita siku ya kurudisha. Mwanafunzi hapati alama hata moja mpaka ameyarudisha maneno kwa mwenyewe, kamsomea kwa lugha aliyoyasemea, na mwenyewe kakubali kwamba hapo anayezungumza ni yeye. Sheria ya pili ilikuwa aya ya mwisho ya kila kazi, yenye kichwa "Nilivyosaidiwa". Humo unamtaja kila aliyekushika mkono: binamu aliyekuelekeza nyumba, shangazi aliyekueleza neno gumu, hata jirani aliyekuazima betri. Mzee aliwahi kumrudishia mwanafunzi karatasi kwa sababu hakumtaja aliyefukuza kuku wasipige kelele kwenye rekodi.

Na kelele zilikuwepo, msidhani. Kile kinasa sauti kilimeza kaseti kama mtu mwenye njaa, nasi tukaikunjua tepu na kuizungusha upya kwa penseli. Betri zikichoka tuliziweka juani, zikapata nguvu za kumalizia hadithi, au zikatudanganya. Nilijifunza mambo madogo ambayo hayamo katika silabasi yoyote. Usiketi mbele ya mtu kama afisa wa polisi, keti ubavuni mwake. Usiweke kinasa sauti karibu na vikombe. Mtu akinyamaza, mwache anyamaze, wala usimwokoe kwa swali, maana mara nyingi yuko njiani kufika mahali na wewe utamrudisha mwanzo.

Mzee Owuor akastaafu, nikabaki na somo na kile kinasa sauti. Baadaye akaugua, akafariki. Kuhusu mwisho wake sina mengi ya kuandika, tuendelee.

Simu zilipokuja tulishukuru, maana penseli zilirudi kwenye kazi yake ya kuandikia. Kisha ikaja akili unde, ambayo wanafunzi huitaja kwa herufi zake mbili za Kiingereza kama wanamtaja rafiki wa shule. Muhula wa kwanza nilikaa na rundo la kazi, nikaanza kuhisi kwamba nina homa. Mvuvi wa Dunga, mwendesha boda wa Kondele na mama muuza mboga wa Ahero, wote walikuwa wakizungumza kwa sauti moja. Wote walisema "ni muhimu kukumbuka kwamba". Wote walimalizia kwa matumaini. Mwendesha boda wa Kondele anayemalizia kwa matumaini bado namtafuta.

Mwenzangu Bwana Wekesa, aliyesimamia mitihani ya idara, alitaka ipigwe marufuku. Bwana Wekesa ni mtu mzuri, na nasema hivyo kwa sababu najua atasoma hapa. Alileta programu ya kukagua kazi iliyoandikwa na mashine. Tukaijaribu kwa maelezo ya somo niliyoyaandika mimi mwenyewe enzi za kaseti, ikasema mwandishi si binadamu. Nilimwambia huenda ikawa kweli, lakini mume wangu angekuwa ameshalalamika.

Sikutaka marufuku. Nilikuwa na wanafunzi walioandika Kiswahili kama lugha ya tatu, na kwao mashine ile ilikuwa mwalimu asiyechoka wala kucheka makosa. Nikawaambia: iwasahihishie tahajia, iwaonyeshe mlipojirudia, iwaulize maswali magumu kabla sijawauliza mimi. Lakini isimsemee mtu aliyekupa maneno yake. Na chochote ilichofanya, kiandikwe kwenye "Nilivyosaidiwa", pamoja na binamu na mfukuza kuku. Wengi walifuata. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeishukuru mashine kwa heshima hadi akaiombea baraka.

Sasa nifike kwa Akinyi.

Akinyi alikuwa mwaka wa mwisho, msichana mkimya wa kukaa karibu na dirisha. Kwao ni Nyakach, ukishapita Katito, na alilelewa na nyanya yake tangu utotoni. Nyanya huyo ndiye ambaye Akinyi alimchagua kumrekodi. Nyanya alimsimulia jinsi mafuriko yalivyolivamia boma lao zamani, wakahamia katika madarasa ya shule ya msingi na magodoro kichwani. Kabla siku ya kurudisha haijafika, yule nyanya akafariki. Akinyi akaenda kuzika, akarudi, akawasilisha kazi siku ileile ya mwisho kama wengine. Nilistaajabu, nikamhurumia, nikafungua kusoma.

"Mafuriko yalinifunza ustahimilivu," nyanya alikuwa anasema, "na umuhimu wa mshikamano katika jamii."

Nimeketi na wazee wengi wa Nyakach. Sijapata kumsikia hata mmoja akiyaongelea maji yaliyoingia chumbani kwake kama mtu anayefungua warsha hotelini. Nikakimbilia aya ya mwisho. Chini ya "Nilivyosaidiwa" Akinyi alikuwa ameandika: *Sikusaidiwa na yeyote.*

Bwana Wekesa alikuwa ameshaisoma.

"Amedanganya, Bi Zainabu," akaniambia. "Na huyo nyanya hayuko, kwa hivyo hata kurudisha haiwezekani. Mimi napeleka jina kwa kamati ya nidhamu."

Kamati ya nidhamu ingeweza kumrudisha mwaka mzima au kumtoa chuoni kabisa. Nikamwomba Wekesa anipe wiki moja. Akasema ananipa kwa sababu ya mvi zangu, si kwa sababu ya Akinyi.

Nikamwita ofisini.

"Akinyi, kazi hii ameandika nani?"

"Ni mimi, Madam."

Nikanyamaza, nilivyofundishwa. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake.

"Ni AI, Madam. Aki nisamehe. Lakini recording iko. Sikutunga mtu."

Akaitoa simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Umeisikiliza?"

Akatikisa kichwa. "Tangu tumzike sijaweza. Nilijaribu kufungua, nikasikia tu amekohoa, nikazima. Na deadline ilikuwa imefika. Nikaweka hiyo sauti kwa AI, nikaiambia inipee story kwa Kiswahili kizuri. Sikuwa nataka kuiba marks, Madam. Nilitaka mtu mwingine aisikize kwa niaba yangu."

Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu uaminifu wa kitaaluma, ndefu na yenye vifungu. Ikaniishia mdomoni. Nilimhurumia mtoto yule hadi nikakosa pa kuweka mikono.

"Huyo mtu mwingine angekuwa mimi," nikamwambia. "Ungekuja tukasikiliza pamoja."

"Sasa utaweza, Madam?"

"Lete kiti huku upande wangu."

Tukaketi ubavu kwa ubavu, akabonyeza. Kikohozi kikaja kwanza. Akinyi akanishika mkono wa gauni, hakuzima. Kuku akalia mahali, mlango ukafungwa, kisha sauti ya bibi kizee, nyepesi, isiyo na haraka.

"*Nyakwara, isechiemo?*"

Mjukuu wangu, umeshakula? Na Akinyi wa kwenye rekodi akajibu kwamba ndiyo, dani, yaani nyanya, ameshakula.

Nyanya akaanza. Mvua ilianza jioni, mto ukajaa, wakaamshwa na ng'ombe waliokuwa wakilia majini. Alieleza vizuri, hata kwa mzaha, jinsi mume wake alivyookoa redio akasahau suruali. Wakafika shuleni. Watu walikuwa wengi humo darasani, na mtoto wake wa mwisho, Auma, akaanza kuchemka kwa homa. Hapo nyanya akanyamaza. Tukasikia upepo tu.

"*Isechiemo?*" akauliza tena.

"Dani, si nimekuambia nimekula," Akinyi wa kwenye rekodi akajibu, na ukali kidogo wa vijana.

Nyanya akahamia mambo mengine, bei ya mahindi, mwalimu mkuu aliyewataka wasichome madawati. Akazunguka, akazunguka, akarudi kwa Auma. Alisema walimfunika na leso yake ya kanisani. Akanyamaza, na swali likaja tena, polepole, umeshakula?

Akinyi alikuwa ameishika ile karatasi ya mashine. Akatafuta mahali penyewe kwa kidole. Paliandikwa: *Nilimpoteza mtoto wangu mdogo, jambo ambalo lilinihuzunisha sana.*

"Imetoa chakula chote," akasema. Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia. "Kila mahali ameniuliza kama nimekula, imetoa. Mimi nilidhani anasahau tu. Nilidhani ni uzee."

"Na sasa?"

"Hakuwa anasahau, Madam."

Nami nililia, sioni haya kuandika. Mashine yenyewe sikuilaumu. Iliambiwa ilete Kiswahili kizuri, ikaleta, na swali la chakula katikati ya msiba si Kiswahili kizuri kwa mtu asiyejua anasikiliza nini. Kosa lilikuwa kuitwika kazi ambayo ilikuwa ya mjukuu.

Wiki ile Akinyi alikuja ofisini kila alasiri. Alisikiliza, akasimamisha, akaandika, akarudisha nyuma. Siku nyingine tulifika mbali, siku nyingine tulifika kwenye kikohozi tu tukanywa chai. Alipomaliza kuandika aliipa mashine ikague tahajia, na ilipompendekezea alifute swali la chakula kwa kuwa linajirudia, akanionyesha kioo cha simu akitabasamu. Akaliacha palepale.

Ikabaki kurudisha. Mwenye maneno alikuwa kaburini, lakini mke mwenza wake alikuwa hai, Min Ouma, waliyeishi naye boma moja tangu ujana wao na kuhama naye usiku wa maji. Akinyi akasema huyo ndiye anayeweza kumtambua nyanya akimsikia. Nikamwalika Bwana Wekesa.

"Nitakuja nijionee," akasema, kwa sauti ya mkaguzi.

Alikuja Nyakach amefunga tai. Akinyi alikuwa ametangulia. Min Ouma alitupokea, mama mnene mwenye macho ya kucheka, na kabla hatujaeleza shida yetu, sahani za ugali na samaki wa ngege zilikuwa mezani. Wekesa akanong'ona kwamba tusile kwanza, isije ikaonekana kama hongo. Min Ouma hakuhitaji kusikia ili aelewe.

"Bwana, kula," akamwambia kwa Kiswahili. "Mutu hawezi sikiza na njaa."

Mkaguzi akakunja mikono ya shati, akala hadi akaongezewa.

Kisha Akinyi akafungua karatasi. Alisoma kwa Dholuo, taratibu. Min Ouma alikuwa na kitambaa mapajani, anakishonea ukingo. Alicheka mume wao alipookoa redio akasahau suruali. Alitikisa kichwa kwa habari ya madawati. Akinyi akafika darasani, kwa Auma, homa ikapanda. Akanyamaza palepale nyanya aliponyamaza, akasoma:

"*Isechiemo?*"

"*Asechiemo, nyieka,*" akajibu Min Ouma.

Hakuinua macho kutoka kwenye sindano. Alijibu tu, kama alivyokuwa akimjibu mwenzake miaka yote ile. Kisha akasikia alichosema, sindano ikasimama. Bwana Wekesa, ambaye Dholuo chake ni cha kununulia samaki, akaniinamia akaniuliza amesema nini.

"Amemwambia mke mwenzake kwamba ameshakula."

Wekesa akavua miwani, akaifuta kwa ile tai, akaivaa, akaivua tena.

"Ni yeye," Min Ouma akasema mwishowe. "Soma, mwanangu. Maliza."

Jina la Akinyi halikwenda kwa kamati. Wekesa alimpunguzia alama kwa ule uongo wa kwanza, na ilikuwa haki, hata Akinyi hakunung'unika. Alihitimu na wenzake. Min Ouma alikuja kwenye mahafali akiwa amevaa kitambaa kilekile kichwani, na alipiga vigelegele hadi msoma majina akapoteza mstari. Aya ya mwisho ya kazi ya Akinyi, niliyoibandika ukutani hadi siku naondoka, ilisema hivi: *Mashine ilinisaidia tahajia na kupanga aya. Kabla ya hapo niliipa sauti ya nyanya yangu inisikilizie, na kazi hiyo sitaipa tena. Madam aliketi nami. Min Ouma alimjibu.*

Kwa hiyo vijana wangu, mkikuta kazi inayonuka mashine, msianze na kamati. Vuteni kiti, muulizeni mwanafunzi mashine ilimfanyia nini ambacho yeye hakuweza kukifanya. Wengi watawaambia ni uvivu, nao ni wavivu kweli, wapeni sifuri yao kwa upendo. Lakini msikilizeni mpaka mwisho kabla hamjaandika hiyo sifuri.

Akinyi siku hizi anafundisha somo lile, na nyinyi mnamjua kama mwenzenu. Mwezi uliopita alikuja kwangu Kaloleni kunirekodi kwa ajili ya kumbukumbu za idara. Nilizungumza sana, mnanijua. Nikamweleza Kibuye, kaseti, penseli, na kwa kuwa aliuliza, nikamweleza pia siku za mwisho za Mzee Owuor hospitalini. Akaondoka. Juzi akarudi na karatasi zake, akaketi ubavuni mwangu, akanisomea maneno yangu.

Nilimsikiliza nikijipenda kidogo. Nilikuwa nimesema vizuri. Akafika hospitalini, kwa lile koti la kijivu lililotundikwa nyuma ya mlango wa wodi, akasimama.

"Hapa, Madam, ulinyamaza," akasema. "Halafu ukaniuliza kitu."

"Nilikuuliza nini?"

"Uliniuliza kama nimekula."

"Hapana. Ulikuwa umetoka kula pilau yangu hapohapo. Kwa nini nikuulize?"

"Uliuliza, Madam. Kila ulipomfikia Mzee." Akanishika mkono wa gauni. "Na hukuuliza kwa Kiswahili."

Nikatazama birika, nikatazama dirisha. Yeye alinyamaza, nilivyomfundisha.

"Nitoe?" akauliza.

Nikamwambia aliache palepale.